Drili ya 20V, betri ya 18V: jinsi ya kuchagua zana za betri Lubumbashi bila kuunguza chaja

Kwenye meza moja ya soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, unaweza kukuta drili iliyoandikwa 18V, pembeni yake ya 20V MAX, ya tatu 21V, na ya nne, ambayo ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, imeandikwa 88V kwa herufi kubwa nyekundu. Moja ilitoka Ubelgiji ndani ya kontena la mitumba. Nyingine ililetwa na ndugu aliyeko Marekani. Ya tatu ilipita Dubai au Johannesburg ikaingilia mpaka wa Kasumbalesa, na hiyo ya herufi nyekundu ni ya China. Ukizifungua betri zote nne, mara nyingi utakuta kitu kilekile: seli tano za lithiamu zilizopangwa mfululizo.

Mafundi wengi wanabishana kuhusu 18 na 20, tofauti ambayo haijawahi kuunguza chochote, halafu chaja wanaichomeka ukutani bila hata kuigeuza. Inayoungua ni chaja. Kwa hiyo tutaanza na chaja, ingawa muuzaji atakupa drili mkononi kwanza na kukwambia, "Jaribu, papa, sikia nguvu yake."

Hatua ya 1: Geuza chaja, soma INPUT

Nyuma ya kila chaja kuna lebo yenye sehemu mbili. INPUT (kwenye chaja za Ufaransa utaona ENTRÉE) ni umeme unaoingia kutoka ukutani. OUTPUT, au SORTIE, ni umeme unaokwenda kwenye betri. Kwa sasa soma INPUT peke yake.

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, ni volti 220, 50 Hz. Ikiwa INPUT inasema 220-240V, au 230V, au 100-240V, chaja hiyo ni ya kwetu. Za Ulaya ziko hivyo. Za Afrika Kusini pia, ila zina plagi ya pini tatu nene za duara. Za Uingereza na za Dubai zina plagi ya pini tatu bapa, nazo ni salama. Za China ni 220V. Hizi zote zinahitaji adapta ya plagi tu, na adapta hizo ni za faranga chache.

Ikiwa INPUT inasema 120V 60Hz, hiyo ni ya Marekani au Kanada. Ikisema 100V peke yake, ni ya Japani. Ukiichomeka hapa utasikia mlio mmoja mkali, halafu harufu, halafu basi. Na mtego wenyewe umewekwa vizuri: plagi ya Kimarekani ina pini mbili bapa, na zile ralonji za soketi za kupokea kila aina zinazouzwa mjini zinaipokea bila kipingamizi chochote. Plagi kuingia si ruhusa. Adapta nayo inabadilisha umbo la pini tu, volti inaziacha kama zilivyo.

Kuna moja zaidi inayowadanganya hata wazoefu. Ukikuta chaja ya Uingereza yenye plagi kubwa ya njano ya duara, hiyo ni ya 110V. Kule kwenye maeneo ya ujenzi wanatumia umeme wa 110V kupitia transfo, kwa usalama. Imetoka Uingereza kweli, lakini hapa inaungua sawasawa na ya Marekani.

Je, kama drili ni nzuri na chaja ni ya 120V? Una njia mbili. Ya kwanza, ambayo mimi ningeichagua karibu kila mara, ni kununua drili na betri bila chaja, kisha kutafuta chaja ya 220V ya mfumo uleule. Betri ya Makita LXT iliyonunuliwa Texas inachajiwa na chaja ya Makita LXT iliyonunuliwa Liège. DeWalt 20V MAX ya Marekani inachajiwa na chaja ya DeWalt 18V XR ya Ulaya. Milwaukee M18 ni M18 kila mahali. Tumia chaja yenyewe kumshusha muuzaji bei: chaja ya 120V hapa ni mzigo, na yeye anajua.

Njia ya pili ni transfo ya kushusha 220 kuwa 110. Soma kwenye lebo ya chaja inakula kiasi gani. Ikiwa imeandikwa ampea badala ya wati, zidisha: 120V mara 2A ni 240W. Chukua transfo yenye uwezo wa mara mbili, hapo 500VA (VA ni kipimo cha uwezo wa transfo, isome karibu kama wati), kwa sababu namba za transfo za sokoni nazo hujisifu. Transfo ya kweli ina chuma na shaba ndani, kwa hiyo ni nzito. Kile kidude chepesi cha mfukoni kinachouzwa kwa wasafiri kilitengenezwa kwa pasi na vikausha nywele. Kukipa chaja yenye elektroniki ni kuitafutia matanga.

Hatua ya 2: Elewa 18 na 20 mara moja, usirudie tena

Seli moja ya lithiamu inayotumika kwenye zana ina volti 3.6 kwa kawaida. Ikiwa imejaa kabisa, inafika 4.2. Ikielekea kuisha, inashuka hadi karibu 3 au chini kidogo.

Seli tano: 5 mara 3.6 ni 18. Hizo ndizo volti za kawaida, na ndizo zinazoandikwa Ulaya. Betri hiyohiyo ikitoka kwenye chaja na kabla hujaifanyisha kazi, inasoma 20 na kitu. Hizo ndizo zinazoandikwa Marekani, na ndiyo maana pembeni kuna neno MAX. Ukitafuta kwenye maandishi madogo ya boksi la Kimarekani utaona wamekiri wenyewe: volti 20 ni za mwanzo bila mzigo, za kawaida ni 18. Mara tu unapobonyeza kifyatulio na skrubu ikaanza kuingia kwenye mbao, zote mbili zinakuwa kitu kimoja.

Hesabu hiyo inafungua lebo nyingine pia. 12V MAX na 10.8V ni seli tatu. 40V MAX ni seli kumi, yaani 36V. 60V MAX ya DeWalt ni seli kumi na tano, nayo Ulaya inaitwa 54V.

Kwa hiyo fundi akikwambia drili yake ya 20 ina nguvu kuliko yako ya 18, mwache afurahi. Nguvu ya drili inatoka kwenye mota, gia, na uwezo wa seli kutoa ampea nyingi kwa mpigo. Namba ya volti kwenye ubavu haikuambii hata kimoja kati ya hivyo.

Hatua ya 3: Drili za 48V, 88V, 128V

Hizi zimejaa kila mahali sasa, mara nyingi zikiwa na herufi VF badala ya V, na kwa macho ya harakaharaka herufi hiyo ya ziada haionekani. Namba hiyo si volti za betri. Kuna njia rahisi ya kuthibitisha palepale mezani, bila kufungua kitu.

Chukua ile chaja ndogo inayokuja na boksi, yenye waya na pini ya duara mwishoni. Soma OUTPUT. Gawanya kwa 4.2. Jibu ndilo idadi ya seli.

12.6V ni seli tatu. 16.8V ni seli nne. 21V ni seli tano. 25.2V ni seli sita. Boksi lenye 88 kubwa nyekundu, chaja yake ukiigeuza inasema DC 21V: ni seli tano, ni 18V ya kawaida, ni ndugu wa zile nyingine tatu za mezani. Muuzaji akiona umegeuza chaja na kupiga hesabu, mara nyingi bei inaanza kushuka kabla hujasema neno.

Simaanishi kwamba drili hiyo ni takataka. Kwa fundi wa makabati au wa mapazia anayefunga skrubu chache kwa siku, inaweza kumfaa. Ilipie bei ya 18V ya kawaida, usilipie 88.

Hesabu hii ni ya chaja za pini tu. Chaja za kampuni kubwa, zile ambazo betri inateleza juu yake, hupokea betri za aina kadhaa na lebo yake huandika mpaka mrefu, kwa mfano 7.2 hadi 18V. Hapo kugawanya hakusaidii.

Na kuna hatari moja ya kweli hapa. Chaja hizi za pini zinafanana kama mapacha. Ya 25.2V inaingia kwenye betri ya 21V bila shida, na itaendelea kusukuma umeme kupita kipimo cha seli. Betri za bei ya chini mara nyingine zina kinga dhaifu sana ndani, au hazina kabisa. Lithiamu iliyojazwa kupita kiasi huvimba, na inaweza kushika moto. Andika kwa rangi au kalamu nzito juu ya kila chaja ya karakana yako ni ya betri gani.

Hatua ya 4: Angalia mfumo, sio rangi wala jina

Volti kulingana hakufanyi betri iingie. Kila kampuni ina reli zake, mpangilio wake wa vyuma vya kugusia, na mara nyingi njia yake ya betri kuongea na chombo kuhusu joto na chaji. Baadhi ya mitego inayopatikana hapa mjini:

DeWalt. Marekani walianza kuuza 20V MAX mwaka 2011. Kabla ya hapo walikuwa na 18V ya zamani, yenye betri, mara nyingi ya nikeli, inayosimama kama mnara na kuingia ndani ya mpini. Hiyo 18V ya zamani si sawa na 18V XR ya Ulaya, ambayo betri yake inateleza kwenye reli na ndiyo pacha wa 20V MAX. Kwa hiyo ukiambiwa "DeWalt 18V", swali la kwanza ni: betri inateleza au inasimama? Kama inasimama, ni ile ya zamani, na leo betri mpya ya aina hiyo utaitafuta mpaka uchoke. DeWalt wenyewe walitengeneza adapta, DCA1820, ya kuweka betri ya 20V MAX kwenye zana hizo za zamani. Ni ya kufanyia kazi tu, haichaji.

Makita. Wanaandika 18V dunia nzima, hilo limetuepusha na mengi. Lakini kuna LXT na kuna mfululizo wa G, zote 18V, zote za kijani-buluu, zote za lithiamu, na hazibadilishani betri. Betri za G zina herufi G mwishoni mwa namba yake, kama BL1813G au BL1815G. Za LXT ni kama BL1830, BL1840, BL1850. Makosa haya yanatokea kwa bidhaa mpya kabisa za dukani, maana G ni ya bei nafuu na muuzaji hana sababu ya kukueleza. Kuna pia XGT, 40V max, ambayo haiingiliani na LXT. Kuna adapta, ADP10, inayoruhusu chaja ya XGT kuchaji betri ya LXT, na kazi yake inaishia hapo.

Bosch. Buluu ni ya mafundi, kijani ni ya nyumbani. 18V ya buluu na 18V ya kijani ni nyumba mbili. Lakini 10.8V ya buluu ya zamani na 12V ya buluu ya sasa ni kitu kimoja kilichobadilishiwa namba, zinabadilishana.

Hitachi ya zana (Hitachi Koki) ilibadilisha jina mwaka 2018, zana zake zikawa HiKOKI, na Marekani inauzwa kama Metabo HPT. Betri zake hazihusiani na zile za Metabo ya Ujerumani, ingawa jina linakuvuta huko.

Kwa Ingco, Total na wengine wa daraja hilo walioshika maduka ya vifaa vya ujenzi, wanaandika 20V, yaani seli tano. Faida yao kubwa kwetu ni kwamba chaja inakuja ya 220V na betri ya akiba inapatikana mjini. Ukichagua mfumo mmoja wa namna hiyo, kaa nao. Karakana yenye mifumo minne ni karakana yenye chaja nne zinazogombania soketi moja saa umeme unaporudi.

Hatua ya 5: Weka betri kwenye mizani

Baada ya volti, namba ya pili inayodanganya ni Ah, yaani ujazo. Hapa mizani ya muuza samaki wakavu aliye jirani inajua zaidi kuliko lebo.

Seli ya kawaida, ile ya 18650 (kipenyo milimita 18, urefu milimita 65), ina gramu 45 hivi. Betri ya 18V yenye mstari mmoja ina seli tano: pamoja na plastiki na sahani ya umeme, kiasi cha gramu 350 hadi 400. Yenye mistari miwili ina seli kumi, na inakaribia au kupita gramu 600. Sasa, seli moja ya 18650 hata iliyo bora sokoni haizidi sana 3.5Ah. Mstari mmoja basi hauwezi kuzidi 3.5Ah, na mistari miwili haiwezi kuzidi 7Ah.

Umeletewa betri "ya Makita 6.0Ah", unaipima, ina gramu 370. Ni seli tano. Hata zingekuwa seli bora kabisa isingefika 4, na kwa bei hiyo si seli bora. Pengine ni 1.5. Mrudishie kwa heshima.

Kuna seli kubwa zaidi, 21700, za milimita 21 kwa 70, ambazo zinabeba zaidi, lakini nazo ni nzito zaidi. Uzito haukwepeki.

Hatua ya 6: Jaribu kwa mita, kisha kwa mbao

Beba maltimita. Iweke kwenye DC, gusa vyuma viwili vya pembeni vya betri, vilivyoandikwa + na −. Kwa betri ya seli tano, 20 hadi 21 ni imejaa, 18 iko katikati, 15 inakaribia kuisha. Chini ya 10, hiyo ilikufa zamani na kukaa hivyo hivyo. Chaja nyingi zitaikataa, na ile itakayoikubali si rafiki yako.

Mita peke yake haitoshi, kwa sababu betri iliyochoka inaweza kusoma 20 vizuri ikiwa haina kazi. Omba kipande cha mbao ngumu, mulombwa ukipatikana, na skrubu ndefu. Ingiza skrubu mbili tatu mfululizo. Drili ikikata katikati ya skrubu, na baada ya sekunde chache ikakubali tena kidogo kisha kukata tena, seli moja kati ya tano imeoza na inawavuta wenzake. Muuzaji atakwambia ni chaji tu. Mwambie aichaji basi, utarudi jioni.

Hatua ya 7: Adapta za kuchanganya kampuni

Ziko adapta za plastiki za kuweka betri ya Makita kwenye drili ya DeWalt na kadhalika. Umeme unapita, kazi inafanyika. Tatizo ni kwamba katika mifumo mingi kinga ya kutomaliza betri imegawanywa kati ya betri na chombo, na adapta inapitisha + na − tu. Hakuna wa kusema "imetosha". Ukiitumia, acha mara unaposikia mota inazubaa, na uitoe betri kwenye adapta kazi ikiisha. Kwa grainda nisingeitumia kabisa: grainda inavuta ampea nyingi, na vyuma vya adapta ni vyembamba.

Kuchaji wakati wa delestaji (umeme wa kukatwa kwa zamu)

Umeme ukirudi kwa kishindo usiku, chaja iliyoachwa ukutani ndiyo ya kwanza kupokea. Chomoa umeme unapokatika, subiri dakika kadhaa baada ya kurudi. Jenereta ndogo: iwashe kwanza, iache itulie, ndipo uchomeke. Ukiwa na inveta ya sola, chagua ya wimbi safi. Zile za bei ya chini hufanya baadhi ya chaja zivume na kupata moto. Betri iliyotoka kazini ikiwa ya moto, iache ipoe kwanza. Chaja nzuri zitasubiri zenyewe, za pini hazitasubiri.

Ukimwagiza ndugu aliyeko nje

Mwombe picha ya lebo ya chaja kabla hajalipa. Akiwa Marekani au Kanada, anunue mwili wa drili na betri, chaja utaitafuta huku.

Halafu kuna ndege. Betri za akiba haziruhusiwi kwenye sanduku la chini, zinasafiri na abiria ndani, vyuma vimefunikwa kwa gundi ya utepe. Drili yenyewe inakwenda chini. Kinachohesabiwa ni Wh, yaani volti mara Ah. Hadi 100Wh hakuna shida. Kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege likubali kwanza, na zisizidi betri mbili za akiba. Zaidi ya 160 haipandi na abiria kabisa. Hapo, kwa mara ya kwanza, 18 na 20 zina maana: betri ya 5.0Ah ya Ulaya imeandikwa 90Wh, pacha wake wa Marekani 100Wh, ukingoni kabisa lakini inapita. Ya 6.0Ah ni 108 au 120, anahitaji ruhusa. Na ile kubwa ya 9.0Ah ni 162Wh hata kwa hesabu ya Ulaya. Akiibeba mkononi, itabaki kwenye ukaguzi wa uwanja alikoanzia safari, haitafika Luano, uwanja wetu wa ndege.